Mwaka wa Kwanza Ndio Unaokula Mafao

Mstaafu hafilisiki kwa kutojua hesabu. Naanzia hapo kwa sababu ushauri mwingi wanaopewa wastaafu umejengwa juu ya dhana kwamba hawaijui fedha, basi wafundishwe bajeti na mambo yatanyooka. Lakini watazame wanaoanguka. Mhasibu aliyefunga vitabu vya taasisi kwa miaka thelathini bila senti kupotea, kiinua mgongo chake kinamponyoka ndani ya miezi kumi na minane. Mkuu wa shule aliyekuwa akirudisha zabuni mbovu bila kupepesa macho, ananunua malori mawili chakavu bila kumwita fundi ayakague. Mhandisi aliyesimamia ujenzi wa madaraja anaanza nyumba ambayo mafao yake yote hayatoshi kuipaua. Watu hawa hesabu wanaijua kuliko wengi wetu. Kuna kitu kingine kinachowapata, na huwapata mapema, mara nyingi kabla mwaka wa kwanza haujaisha.

Hoja yangu ni kwamba mafao huliwa na pengo. Mtu alikuwa na pa kwenda kila asubuhi, alikuwa na watu waliomwita kwa cheo, alikuwa na meza ambayo karatasi haikuondoka mpaka atie sahihi. Ghafla hana. Wakati huohuo ana fedha nyingi kuliko alizowahi kushika kwa mkupuo maisha yake yote. Pengo na fedha vikikutana, fedha hutumwa kuziba pengo. Mradi unaozaliwa hapo haupimwi kwa faida yake. Unapimwa kwa namna unavyompa mwenyewe jibu.

Jibu la swali ambalo kila mstaafu hukutana nalo msibani, harusini na njiani: "Siku hizi unafanya nini, mzee?" Anayeuliza hana nia mbaya, anataka kuzungumza tu. Lakini aliyeulizwa kwa miaka thelathini na mitano alikuwa na jibu la neno moja, na sasa "nimestaafu" linamkaa vibaya mdomoni kana kwamba ni ungamo. Kwa hiyo anatafuta kitu cha kuonyesha kwa kidole: jengo, gari la biashara, mifugo, shamba kubwa la mbali. Nimewasikiliza wastaafu wengi wakieleza fedha ilivyokwenda, na karibu wote hufika mahali pamoja: "Sikutaka watu waone nimekaa tu." Katika masimulizi yote hayo sijasikia sentensi iliyogharimu zaidi ya hiyo.

Wataalamu walikwishaupima mshtuko huu zamani. Mwaka 1967 madaktari wawili wa magonjwa ya akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja likiwa na alama kulingana na kiasi linavyomlazimu mtu kujipanga upya. Kufiwa na mwenzi wa ndoa kulipewa alama 100. Kufunga ndoa 50. Kufukuzwa kazi 47. Kustaafu 45. Tazama hizo mbili za mwisho. Kati ya anayefukuzwa na anayeagwa kwa hotuba na zawadi, tofauti ni alama mbili. Anayefukuzwa tunampa pole, tunamwambia atulie, asifanye uamuzi akiwa na uchungu. Anayestaafu tunampa hongera, tunamkabidhi fedha zake na kumwambia sasa aanze maisha.

Tena mshtuko wenyewe hauji siku ya kuagwa. Mwanasosholojia wa Marekani Robert Atchley, aliyeandika sana juu ya kustaafu katika miaka ya 1970, alieleza kwamba wengi hupitia kwanza kipindi cha fungate: kulala bila saa ya kuamsha, kutembelea ndugu, kumalizia kazi za nyumbani zilizokuwa zinangoja tangu enzi. Kisha fungate huisha na kinafuata kipindi cha kuvunjika moyo, wakati mtu anagundua kwamba likizo hii haina tarehe ya kurudi. Kujipanga upya huja baada ya hapo. Sasa fikiri mafao yanaingia lini. Kwa wengi huingia ndani ya miezi hiyohiyo, fungate likiwa linachuja na kujipanga kukiwa hakujaanza. Ni wakati mbaya kuliko wote wa kufanya uamuzi usiorudishika.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, ambao ningeuweka juu ya mwingine wote hata kama msomaji angesahau uliobaki, ni huu: kwa miezi kumi na miwili ya mwanzo usifanye jambo lolote kubwa la fedha ambalo huwezi kulirudisha. Usijenge. Usinunue ardhi. Usinunue gari la biashara. Usihamie mji mwingine kwa kuuza nyumba uliyonayo. Kama unataka kuhama, kapange huko kwanza ukae misimu yote, uone palivyo wakati wa mvua na wakati wa ukavu, uone kama majirani wanakuzoea. Mkupuo uweke kwenye amana ya muda maalumu katika benki inayosimamiwa na benki kuu ya nchi yako, au kwenye hati fungani za serikali za muda mfupi, yaani fedha unayoikopesha serikali kwa riba, na uache ukae. Riba yake inaweza kuwa ndogo, na kuna watakaokucheka kwamba fedha yako imelala. Iache ilale. Mwaka mmoja wa riba ndogo ni bei rahisi ukilinganisha na uamuzi mmoja uliofanywa na mtu aliyevunjika moyo.

Deni ni habari nyingine. Kama una mkopo wenye riba kubwa, ulipe mara moja, maana hakuna uwekezaji wa kuaminika utakaokupa kwa mwaka zaidi ya unachonyonywa na mkopo wa namna hiyo. Kuingia kwenye uzee huku unalipa marejesho ni kubeba mzigo wa kazi uliyokwishaiacha.

Amana ya muda maalumu ina faida nyingine ambayo benki haiitangazi: inakupa neno la kweli la kusema. Habari za mafao hutembea haraka. Watakuja ndugu wenye shida za kweli, watakuja marafiki wenye mawazo ya biashara, na watakuja matapeli, ambao kipindi cha watu kustaafu wanakijua kama mkulima anavyojua majira. Ukiwaambia "sina" umesema uongo na wote wanajua. Ukisema "fedha imefungwa mpaka mwaka ujao" umesema kweli, na mlango umefungwa bila ugomvi. Ndugu yako mwenye shida ya kweli mtengee fungu dogo mapema, umpe kama zawadi, usiite mkopo. Mkopo wa ndugu usiolipwa hupoteza fedha na ndugu kwa pamoja. Na usimdhamini mtu benki. Najua sentensi hiyo ni ngumu kwa wanaotuheshimu, lakini mstaafu aliyeweka sahihi kwenye deni la mwingine ameahidi mshahara ambao hana. Anayekuharakisha kwa kusema nafasi inafungwa Ijumaa, mwache afunge.

Kuhusu biashara nitasema zaidi kidogo, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Sipingi mstaafu kufanya biashara. Wapo waliofanikiwa sana. Ila ukiwachunguza waliofanikiwa, utakuta wengi hawakuanza baada ya kustaafu. Walianza miaka mitano au kumi kabla, kwa mtaji mdogo uliotoka kwenye mshahara, wakafanya makosa yao wakati makosa yalikuwa nafuu. Kufikia siku ya kuagwa tayari walijua ni mteja yupi halipi, ni mwezi upi soko hulala, ni mfanyakazi yupi anaaminika. Mafao yalikuta biashara inayotembea yakaiongezea mwendo. Anayeanza siku ya kwanza kwa mafao yote ananunua mafunzo kwa bei ya mtaji mzima, na hana mshahara wa kumnyanyua akianguka.

Kwa aliyekwisha kustaafu bila kuanza mapema, bado kuna njia. Tafuta mtu anayefanya biashara unayoitamani, uombe kukaa naye miezi mitatu ukimsaidia, hata bila malipo. Shika daftari lake kama atakuruhusu. Ukimaliza miezi hiyo bado unaitamani, anza kwa sehemu moja ya kumi ya fedha yako na isizidi hapo. Ukiona aibu kwenda kujifunza kwa mtu mwenye umri wa mwanao, hiyo yenyewe imekupa taarifa kuhusu kama biashara hiyo uliitaka kwa faida au kwa jibu la lile swali.

Aliyebakiwa na mwaka mmoja au miwili kazini ana nafasi ambayo aliyekwisha kutoka angeitolea chochote: anaweza kufanya mazoezi. Piga hesabu pensheni yako ya mwezi itakuwa kiasi gani, kisha kwa miezi sita ishi kwa kiasi hichohicho ukiwa bado unalipwa mshahara kamili. Inayobaki iende kwenye akiba au ilipe madeni. Utajifunza mambo ambayo semina haiwezi kukufundisha. Utaona ni matumizi gani yalikuwa ya kazi na yatakufa yenyewe, kama nauli na mavazi ya ofisini, na yapi yatakua, hasa matibabu na gharama za nyumbani, kwa kuwa sasa uko nyumbani mchana kutwa. Andika kila kitu. Mali bila daftari huisha bila habari, na mstaafu hana tarehe ya mshahara mpya ya kufunika alichosahau mwezi uliopita.

Adui mwingine hana haraka kama matapeli, lakini hachoki. Kuna kanuni rahisi ya hesabu: gawa 72 kwa asilimia ya mfumuko wa bei, upate miaka ambayo bei zitachukua kuongezeka maradufu. Mfumuko ukiwa asilimia 6, ni miaka 12. Aliyestaafu na miaka 60 kwa pensheni isiyopandishwa, akifika 72 kila alichokuwa akinunua kwa pensheni ile atapata nusu yake. Akifika 84 atapata robo. Hakuna aliyemwibia. Kwa hiyo swali la kuuliza mfuko wako wa pensheni kabla hujatoka haliishii kwenye kiasi utakacholipwa. Uliza pia kama malipo yanarekebishwa kulingana na bei, na kwa utaratibu upi. Kama hayarekebishwi, sehemu ya akiba yako lazima iwekwe mahali inapoweza kukua kuzidi bei, hata kama patapanda na kushuka.

Wengi hufanya hesabu hizi kwa kukadiria maisha mafupi. Pensheni za serikali zilipoanza Ujerumani kwa sheria ya mwaka 1889, umri wa kulipwa ulikuwa miaka 70, ukashushwa hadi 65 mwaka 1916, na waliofika huko hawakuwa wengi. Mambo yalibadilika. Ida May Fuller, katibu muhtasi wa Marekani, ndiye aliyepokea hundi ya kwanza ya kila mwezi ya mfumo wa hifadhi ya jamii wa nchi hiyo, Januari 1940, akiwa na miaka 65. Aliishi mpaka miaka 100. Alichangia kwa miaka mitatu, akapokea kwa miaka thelathini na mitano. Yeye alikuwa na mfumo wa kumbeba. Anayebeba akiba yake mwenyewe apige hesabu ya kufika mbali kama bibi yule, kwa sababu kuishiwa ukiwa na miaka 82 ni kubaya kuliko kubakiza.

Basi uchote kiasi gani kwa mwaka? Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani William Bengen alipitia kumbukumbu za soko la hisa na hati fungani za nchi yake, akaona kwamba mstaafu aliyechota asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kiasi kile kulingana na mfumuko wa bei, fedha ilimtosha kwa angalau miaka 30. Kipimo hicho kilitokana na soko la nchi moja, kwa hiyo usikishike kama amri. Kishike kama kengele. Mwenye fungu mia anayechota kumi na tano kila mwaka huku riba ni nane, hahitaji mtabiri wa kumwambia mwisho wake. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Tena kuna hatari ambayo wengi hawaioni mpaka iwapate, nayo ni mpangilio wa miaka. Mtu mwenye hisa, nazo zikaanguka mwaka wa kwanza au wa pili wa kustaafu, analazimika kuziuza kwa bei ya chini ili ale. Ni sawa na mkulima anayeuza mbegu wakati wa ukame: mvua ikinyesha, hana cha kupanda. Zikianguka mwaka wa kumi na tano, madhara ni madogo zaidi. Kinga yake si ngumu. Weka matumizi ya miaka miwili kwenye amana unayoweza kuifikia, mbali na uwekezaji unaopanda na kushuka, ili soko likianguka uwe na cha kula bila kugusa mbegu.

Fedha imetosha, maana nilisema chanzo cha yote ni pengo. Tulipime basi. Kazi ya saa nane kwa siku, ukiongeza njia ya kwenda na kurudi, inakula kama saa 45 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni saa 2,250 kwa mwaka. Kwa miaka ishirini ya kustaafu ni saa 45,000. Hakuna televisheni inayoweza kubeba saa hizo, na hakuna kitanda. Nimekutana na watu waliopanga kiinua mgongo chao mpaka senti ya mwisho, lakini ukiwauliza Jumanne saa nne asubuhi watakuwa wapi, wanakutazama tu.

Wengi husema watapumzika. Pumziko lina utamu wake kwa sababu limezungukwa na kazi. Ukiondoa kazi, pumziko linapoteza kingo zake, linakuwa siku moja ndefu. Hapo ndipo sonona huingia polepole, na kwa wengine pombe, ambayo mwanzoni huonekana kama kampani.

Ninachoamini mimi ni kwamba mstaafu anahitaji zaidi ya shughuli. Anahitaji kungojewa. Shughuli unaweza kuifanya peke yako na kuiacha peke yako, hakuna atakayejua. Kungojewa ni kuwa na mahali ambapo usipofika saa kumi, mtu anatazama mlango, anauliza, "Yuko wapi leo?" Kazi ilikuwa inatupa hicho bila sisi kukiomba, na tulikiita kero. Mstaafu aliye na sehemu mbili au tatu kwa wiki anapongojewa, hata ziwe ndogo, anapata tena umbo la juma: kuna siku ya kujiandaa, kuna siku ya kwenda, kuna siku ya kupumzika inayostahili jina hilo. Iwe ni kufundisha watoto wa jirani kusoma, iwe ni kwaya, iwe ni kamati ya maji, iwe ni mchezo wa bao na watu walewale. Kipimo kimoja tu: wakikukosa, watajua?

Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya vijana, na utafiti huo uliendelea kwa miongo mingi mpaka wakawa wazee: wanaume 724, baadhi wanafunzi wa chuo hicho, wengine vijana wa familia maskini za Boston. Mkurugenzi wake Robert Waldinger ameeleza kwamba waliokuwa na furaha zaidi baada ya kustaafu ni wale waliofanya bidii ya kutafuta wenzi wapya wa kucheza nao baada ya kuwakosa wenzi wa kazini. Ameeleza pia kwamba kuridhika na mahusiano ukiwa na miaka 50 kulitabiri afya ya miaka 80 vizuri kuliko kiwango cha lehemu katika damu. Neno la kushika hapo ni bidii. Marafiki wa kazini wengi ni marafiki wa ukumbi mmoja. Ukumbi ukiondoka, wanapungua bila chuki yoyote. Usiwalaumu wasipopiga simu. Chagua watatu uliowapenda kweli, uwapigie wewe, mpange siku isiyobadilika ya kuonana. Wapya watafute kabla hujatoka kazini, maana ukiwa na kazi unaingia kwenye kikundi kama mtu mwenye mambo yake, na ukisubiri upweke ukubane unaingia kama mwombaji, na watu huhisi.

Nyumbani nako kunahitaji mazungumzo ambayo watu huyakwepa. Mtu aliyeondoka nyumbani alfajiri kwa miaka thelathini, anaporudi mchana anakuta nchi yenye serikali yake. Mwenzi wake ana ratiba, ana wageni wake, ana ukimya wake wa saa tano asubuhi anaoupenda. Mstaafu akianza kukagua sufuria na kuuliza kwa nini hiki kiko hapa, ameleta ofisi jikoni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mstaafu nyumbani mwake anapaswa kulitafuta jembe mwenyewe: achukue kazi kamili za nyumba, zile anazozianza na kuzimaliza, bila kungoja kuelekezwa. Kaeni mapema mkubaliane saa za kuwa pamoja na saa za kila mtu kuwa kivyake. Na niseme wazi kuhusu wanawake wengi waliostaafu ajira: hawajastaafu. Wametoka ofisini wakaingia zamu ya pili ambayo haina likizo, sasa wakiongezewa wajukuu kwa kudhaniwa kwamba wana nafasi. Kulea mjukuu ni raha kwa anayeombwa. Kwa asiyeombwa ni ajira nyingine isiyo na mshahara, na ana haki ya kusema siku zipi anaweza na zipi hawezi.

Mwili utauliza zamu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wazee wakiwemo, wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani kama kutembea haraka, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya nguvu na ya kuhimili mizani ya mwili angalau siku tatu kwa wiki. Watu hushika la kutembea na kusahau la pili, ilhali kuanguka ndiko kunakowatoa wazee wengi kwenye kujitegemea. Kuinuka kitini mara kumi bila kushika mkono wa kiti, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, ni mazoezi yasiyohitaji kifaa. Pima shinikizo la damu na sukari bila kusubiri dalili, pima macho, na usione haya kupima masikio: asiyesikia vizuri huanza kukwepa mazungumzo, na mlango wa upweke hufunguka hapohapo. Kabla hujatoka kazini, hakikisha bima ya afya inaendelea au unayo nyingine. Kukatiza hata mwezi mmoja kunaweza kukugharimu.

Karatasi zimalize ukiwa na nguvu. Andika wosia. Kagua majina ya wanufaika uliyoyajaza kwenye mfuko wa pensheni siku unaajiriwa, maana wengine bado wameandika watu waliokwishafariki. Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini mahali hati zilipo.

Na wapo wasioagwa na mtu: mshonaji, mvuvi, dereva, mkulima, fundi. Kwao kustaafu hakuna tarehe, kunakuja kwa magoti na macho. Nao wana kitu ambacho mwajiriwa hana, uwezo wa kupunguza kidogo kidogo. Fundi anaweza kuacha kazi nzito akabaki na za mezani, akamkabidhi kijana aliyemfundisha wateja kwa makubaliano ya asilimia, akawa anaitwa penye ugumu. Huyo hakati kamba kwa mkupuo, na bado anangojewa. Kinachomkosesha usingizi ni akiba, na kwake dawa ni kujiunga na mfuko wa hiari mapema, achangie kila msimu mzuri, na asiitoe akiba hiyo kwa kila dharura.

Mwezi uliopita nilikaa meza moja harusini na muuguzi mkuu aliyestaafu miezi kumi na minne iliyopita. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi chini yake alimwinamia akamuuliza, "Siku hizi unafanya nini, mama?"

"Jumatatu na Alhamisi nasomesha watoto wa jirani," alimjibu. "Jumatano kwaya. Jumamosi natembea na wenzangu watatu, nikichelewa wananigongea dirisha."

"Na yale mafao, hujaanzisha kitu?"

"Amana iliiva, nikaifunga tena miezi sita. Shamba bado natazama."